Sura ya 7: Nimebonyeza, Mbona Kimya?

"Nimebonyeza, mbona hakuna kilichotokea?" Kila anayetengeneza programu za simu atalisikia swali hili mapema au baadaye, na mara nyingi kutoka kwa mtu mwenye haraka. Abiria kasimama dirishani, basi limeshawashwa, karani kagusa "Thibitisha", na skrini imemkodolea macho tu. Mwanafunzi wa programu naye ana swali lake, la ukoo huohuo: "Jana kitufe hiki kilifanya kazi vizuri. Leo nimekihamishia kwenye kipande, na kila nikikigusa programu inajifunga. Sijabadilisha kitu kingine chochote!"

Kitufe chenyewe hakijui kufanya lolote. Hakijui tiketi, hakijui pesa, wala hakijui ni nani kakigusa. Kinachoweza ni kutangaza kwamba kimeguswa, basi. Kwa hiyo kitufe kinapokaa kimya, au kinapoiangusha programu nzima, uliza nani alipaswa kusikiliza, na kama msikilizaji huyo bado yupo. Karibu makosa yote tutakayokutana nayo katika sura hii yanatokana na msikilizaji aliyewekwa mahali pasipo pake, au aliyeondoka mapema, au aliyebaki baada ya shughuli kwisha.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue programu ya kubuni ya kukata tiketi za basi kati ya Gitega na Muyinga, kwa njia inayopita Karuzi. Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, karani ana kishikwambi kilicholazwa mezani. Muyinga, upande wa mpaka wa Tanzania, wakala hana meza. Ana simu ndogo mkononi na anauza tiketi akiwa amesimama katikati ya watu na mizigo yao. Programu ni ileile moja. Kampuni ya basi nimeitunga, lakini makosa hayakutungwa: yamewakuta watengenezaji wa Android duniani kote.

Kidole na kioo

Tunasema "nimebonyeza" kana kwamba ni tendo moja. Kwa simu, tendo hilo lina mwanzo, katikati na mwisho. Kidole kikitua juu ya kioo, simu inapokea taarifa ya kwanza: kuna mguso, uko hapa. Kidole kikisogea, taarifa nyingine zinafuatana. Kikiinuka, inakuja ya mwisho. Ni wakati huo tu, kidole kinapoinuka kikiwa bado juu ya kitufe, ndipo Android inapohesabu kwamba kitufe kimebonyezwa.

Jaribu sasa hivi. Gusa kitufe chochote kwenye simu yako bila kuinua kidole, kiburute mpaka mbali, kisha uinue. Hakuna kitakachotokea. Na kama kitufe kiko ndani ya orodha inayoviringika, ukisogeza kidole juu au chini, orodha inauchukua mguso na kuufanya wake, na kitufe kinaambiwa kisahau.

Wakala wa Muyinga akilalamika kwamba kitufe hakisikii, sehemu ya sababu ni hii. Anabonyeza kwa kidole gumba cha mkono uleule ulioshika simu, huku akitembea, na kidole kinateleza. Google inapendekeza kitufe kisipungue dp 48 kwa kila upande. Dp ni kipimo cha Android kinachobaki na ukubwa karibu uleule hata skrini zikitofautiana kwa wingi wa nukta zake, na dp 48 ni kama milimita 9. Ni ukubwa wa ncha ya kidole. Anayechora vitufe kwenye kompyuta, kwa kipanya kinacholenga nukta moja, hulisahau hilo kirahisi.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu mguso. Programu ina foleni moja tu ya kupokea miguso na kuchora skrini, na watengenezaji huiita uzi mkuu. Ukiweka kazi nzito kwenye foleni hiyo, kila kilicho nyuma yake kinasubiri. Mguso ukikaa takriban sekunde 5 bila kujibiwa, Android inamwonyesha mtumiaji ujumbe kwamba programu haijibu na kumpa nafasi ya kuifunga. Kwa mawasiliano na seva, yaani kompyuta ya kampuni inayotunza tiketi zote, mfumo ni mkali zaidi: tangu Android 3.0, programu inayojaribu kuongea na mtandao moja kwa moja kwenye uzi mkuu inaangushwa papo hapo. Msikilizaji wa kitufe anafanya kazi kwenye uzi huohuo. Kazi yake, basi, iwe fupi: apokee, akabidhi, aondoke.

Kipande kilitoka wapi

Android ya mwanzo ilikuwa ya simu peke yake, na skrini nzima ilikuwa mali ya aktiviti. Aktiviti ni skrini mama: ndiyo inayofunguka, ndiyo inayofungwa, na kila kilicho juu ya kioo kiko chini yake. Februari 2011 Google ikatoa Android 3.0, iliyoitwa Honeycomb, kwa ajili ya vishikwambi. Ghafla kukawa na kioo kipana, na skrini ya simu iliyovutwa kukijaza ilionekana kama shati la kuazima. Kwa hiyo ikaletwa fragimenti, kipande cha skrini chenye sura yake na msimbo wake, kinachokaa ndani ya aktiviti na kinachoweza kuwekwa kando ya kingine. Msimbo ni maagizo ambayo mtengenezaji ameiandikia programu.

Kwenye kishikwambi cha Gitega, orodha ya safari za siku iko kushoto na ramani ya viti iko kulia. Kwenye simu ya Muyinga, safari zinajaza skrini yote. Ukichagua moja, viti vinachukua nafasi yake. Vipande ni vilevile viwili, mpangilio ndio tofauti. Wala vifaa vya namna hii si vigeni katika eneo hili. Agosti 2022, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, wilayani Ngara kama kwingineko Tanzania, makarani wa sensa walibisha hodi wakiwa na vishikwambi mikononi, kama wenzao wa Kenya walivyofanya 2019.

Kabla hatujaendelea, maneno matatu ya kushika:

- Aktiviti ni skrini mama.
- Fragimenti ni kipande kinachokaa ndani yake, nitakiita kipande.
- Msikilizaji ni sehemu ya msimbo iliyojiandikisha kwa kitufe ili iitwe kitakapobonyezwa.

Kumbishia hodi mwenye nyumba badala ya mpangaji

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu aliyehamisha kitufe. Alikuwa ametumia njia ya mkato. Katika faili la mpangilio, faili linalosema nini kikae wapi kwenye skrini, aliandika karibu na kitufe chake: android:onClick="thibitisha". Njia hii ilikuja mwaka 2009 na Android 1.6, wakati vipande havijazaliwa. Maana yake ni kwamba kitufe kikibonyezwa, Android itafute katika msimbo kazi yenye jina thibitisha na kuiendesha.

Itaitafuta wapi? Ndani ya aktiviti. Kipande hakiulizwi kabisa, hata kama kitufe kimo ndani yake na kazi thibitisha imeandikwa mstari wa tatu wa msimbo wake. Ni mgeni anayeingia uani na kubisha mlango wa mwenye nyumba, akiulizia mtu ambaye ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba mstaarabu angesema "hapa hayupo, jaribu kule." Android haina ustaarabu huo. Isipoipata kazi hiyo, inaiangusha programu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba utafutaji hufanyika wakati wa mguso, si programu inapofunguka. Kwa hiyo skrini inafunguka vizuri, inapendeza, mkubwa wa ofisi anaitazama na kuisifia. Inakuja kufa siku karani anapogusa kitufe kwa mara ya kwanza.

Wako wanaoziba tundu hili kwa kuiandika kazi thibitisha ndani ya aktiviti. Inafanya kazi, sikatai. Lakini aktiviti yenye vipande sita itageuka ghala la kazi zisizo zake, na siku utakapotaka kukitumia kipande cha viti katika skrini nyingine, utagundua kwamba masikio yake uliyaacha kule. Kwangu hicho ni kiraka, na sikipendekezi hata kwa programu ndogo, kwa sababu programu ndogo zina tabia ya kukua bila kukutaarifu.

Njia iliyonyooka ni kipande kijiandikishie msikilizaji wake chenyewe, mara tu sura yake inapokuwa tayari. Kwa Kotlin, lugha ambayo Google iliipokea rasmi kwa Android mwaka 2017, msimbo unakuwa hivi:

override fun onViewCreated(view: View, savedInstanceState: Bundle?) {
    super.onViewCreated(view, savedInstanceState)
    val kitufe = view.findViewById<Button>(R.id.kitufe_thibitisha)
    kitufe.setOnClickListener {
        tiketi.thibitisha()
    }
}

Usitishwe na mabano. onViewCreated ni wakati ambao Android inakiambia kipande: sura yako imekamilika, vitufe vyako vipo. Mstari wa tatu unakitafuta kitufe kwa jina lake. Wa nne unamweka msikilizaji. Wa tano ndio kazi yenyewe, na angalia ilivyo fupi: inamkabidhi mwingine, ambaye hapa tumempa jina tiketi na tutamwona baadaye.

Liangalie neno view lililo kabla ya findViewById. Linasema: tafuta ndani ya sura ya kipande hiki tu. Ni neno dogo lenye kazi kubwa. Tuseme karani wa Gitega anamuuzia mtu tiketi ya kwenda na kurudi, na kishikwambi kinaonyesha nakala mbili za kipande cha viti, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Vitufe vya thibitisha ni viwili, na vina jina moja. Ukitafuta kupitia aktiviti, vipande vyote viwili vitapewa kitufe cha kwanza. Kitufe cha kurudi kitabaki bila msikilizaji. Na cha kwanza, kwa kuwa kitufe kinashika msikilizaji mmoja tu wa aina hii, kitakuwa na yule aliyeandikishwa mwisho. Karani atabonyeza "kwenda" na kuuza "kurudi".

Kipande huishi kuliko sura yake

Hapa ndipo wengi hukwama, na wala si kwa uvivu. Jambo lenyewe halionekani kwa macho. Kipande na sura yake havina umri mmoja.

Wakala wa Muyinga amechagua safari, kipande cha safari kimepisha na cha viti kimeingia. Kipande cha safari kimekwenda wapi? Kama mtengenezaji ameruhusu kurudi nyuma, kipande kingali hai katika kumbukumbu ya simu, lakini sura yake imevunjwa: orodha, picha, vitufe, vyote vimeondoka. Wakala akibonyeza kurudi, sura mpya inajengwa kwa kipande kilekile. Vitufe vinafanana na vya kwanza kwa kila kitu, ila si vile.

Matokeo yake ni haya. Ukijaribu kumwandikisha msikilizaji katika onCreate, yaani kipande kinapozaliwa, sura bado haijajengwa na hakuna kitufe cha kumwekea. Ukimwandikisha mara moja tu kwa kudhani inatosha, sura ya pili itakuwa na vitufe viziwi. Na ukikihifadhi kitufe cha zamani ndani ya kipande, unazuia kumbukumbu iliyoshikwa na sura yote ya zamani isiachiliwe, jambo ambalo simu ya bei nafuu hulionyesha haraka kuliko simu ya mtengenezaji. Ndiyo maana uandikishaji unakaa katika onViewCreated, inayoitwa kila sura inapojengwa upya, na chochote ulichokishika cha sura ile unakiachia katika onDestroyView, inayoitwa sura inapovunjwa.

Kugeuza kifaa nako kunaleta mambo. Karani anakizungusha kishikwambi ili abiria ajionee kiti cha dirishani. Skrini ikibadilika kutoka mlalo kwenda wima, kwa kawaida Android inaibomoa aktiviti pamoja na vipande vyake na kuijenga upya kulingana na umbo jipya. Kiti kilichochaguliwa, kama kilikuwa kimeandikwa kwenye kigezo cha kipande tu, kimepotea. Abiria anaona ramani tupu, karani anaona aibu.

Kwa ajili hiyo Google ilitangaza mwaka 2017 chombo kinachoitwa ViewModel, mahali pa kuweka hali ya mambo panapobaki salama wakati skrini inabomolewa na kujengwa. Huyo ndiye tiketi tuliyemwona kwenye msimbo. Kiti kilichochaguliwa kinaandikwa huko, na kipande kinasoma huko kila kinapopata sura mpya. Lakini chombo hiki kina mpaka wake: mfumo ukiizima programu yote iliyoko nyuma ili kupata nafasi ya kumbukumbu, nacho kinaondoka. Vitu vichache visivyopaswa kupotea kabisa huwekwa katika kijifuko chake kiitwacho SavedStateHandle, ambacho mfumo hukitunza kwa niaba ya programu.

Kitufe hapa, matokeo kule

Karani akigusa safari ya saa nne upande wa kushoto, viti vya upande wa kulia vinapaswa kubadilika. Kishawishi ni kukifanya kipande cha safari kikimbilie cha viti na kukipa amri moja kwa moja. Kwenye kishikwambi itakubali. Kwenye simu ya Muyinga kipande cha viti hakipo wakati ule, na amri inamwendea mtu asiyekuwepo.

Kwa hiyo vipande visijuane. Zamani kipande kilimpa taarifa aktiviti, nayo ikaamua la kufanya. Njia hiyo bado ni halali, ingawa ina maandishi mengi. Siku hizi vipande viwili vinaweza kutumia kwa pamoja ViewModel moja iliyo chini ya aktiviti: kimoja kinaandika "safari iliyochaguliwa ni hii", kingine kinachungulia na kujichora upya. Kwa jibu la mara moja tu, kama kipande kidogo kinachomwomba karani achague tarehe kisha kinaondoka, kuna njia ya matokeo ya fragimenti iliyokamilika mwaka 2021. Mimi huanza na ViewModel ya pamoja na kuacha nyingine zije zikihitajika.

Mguso unaopenya

Hili ni kosa ninalolipenda, kama mtu anavyoweza kupenda kosa. Mtengenezaji anataka kipande cha risiti kitokee juu ya kipande cha malipo, kwa hiyo anakiongeza juu bila kukiondoa kilicho chini. Risiti ina mandhari nyeupe na imefunika kila kitu. Wakala anagusa sehemu tupu ya risiti, pengine anaufuta mchanga kwenye kioo, na papo hapo malipo mengine yanaanza.

Weupe ni rangi tu. Mguso ukiangukia mahali ambapo hakuna kilicho tayari kuupokea, unapita mpaka kwa kilicho chini, na chini yake kulikuwa na kitufe cha "Lipa" kilichofichwa, kikiwa na msikilizaji wake macho kabisa. Dawa ni mbili: kiondoe kipande cha chini kwa kukibadilisha badala ya kurundika juu yake, au kifanye chombo cha nje cha kipande cha juu kiwe chenye kupokea mguso, hata kama hakifanyi nao lolote. Ya kwanza ni bora. Ya pili ina madhara kwa wasioona vizuri, kwa kuwa programu inayowasomea skrini kwa sauti inaweza kuendelea kuwasomea vilivyofichwa chini.

Kubonyeza mara tatu, kulipa mara moja

Huduma za pesa kwa simu kama Lumicash na EcoCash zimewazoesha watu wa Burundi kulipa bila noti mkononi, kwa hiyo programu yetu ya tiketi nayo inapokea malipo ya simu. Hapo kitufe kinaacha kuwa mchezo. Mtandao ukiyumba, karani anagusa "Lipa", haoni kitu, anagusa tena, na kwa mara ya tatu anagusa kwa hasira. Abiria anasikia simu yake ikilia mfululizo. "Dada, mbona unanikata mara tatu?"

Hatua ya kwanza wanayoijua wote ni kukizima kitufe mara baada ya mguso wa kwanza na kubadilisha maandishi yake yasomeke "Inatumwa". Fanya hivyo. Mtu akiona kitu kimebadilika chini ya kidole chake, hana sababu ya kurudia. Nadhani nusu ya miguso ya marudio inatokana na programu iliyokaa kimya, na wa kulaumiwa hapo ni aliyeitengeneza.

Lakini uzime wapi? Ukikizima kitufe chenyewe, karani akigeuza kishikwambi kinazaliwa kitufe kipya, kizima, tayari kubonyezwa. Hali ya "inatumwa" iandikwe katika ViewModel, na kitufe kijichore kwa kuisoma hali hiyo. Kitufe kisiwe na kumbukumbu yake binafsi.

Na kazi yenyewe ya kutuma, iwe ya nani? Ukiifunga kwenye uhai wa sura ya kipande, wakala akirudi nyuma sekunde mbili baadaye kumhudumia mtu mwingine, sura inavunjwa na kazi inakatishwa nayo katikati. Huenda ombi lilishafika kwa seva, huenda halikufika. Simu haijui tena. Kazi ndefu ikabidhiwe ViewModel, na ile inayopaswa kukamilika hata programu ikifungwa ikabidhiwe mtumishi wa mfumo aitwaye WorkManager, ambaye husubiri mtandao urudi na kujaribu tena kwa niaba yako.

Hata ukifanya yote hayo, bado ipo njia ya kulipa mara mbili. Ombi limefika, pesa zimekatwa, jibu limepotea njiani wakati wa kurudi. Simu inaamini haikufanikiwa na inatuma tena, kwa uaminifu kabisa. Hakuna ujanja wa kitufe unaoweza kulizuia hili. Linazuiwa kwa namba ya ununuzi: namba ndefu ya bahati nasibu inayotengenezwa na simu na kutumwa pamoja na kila ombi. Seva ikiiona mara ya pili, haikati pesa. Inarudisha jibu lilelile la kwanza.

Namba hiyo itengenezwe lini? Wengi huiweka ndani ya msikilizaji wa kitufe, na hapo wameshaharibu, kwani kila mguso unazaa namba mpya na seva inaona ununuzi mpya. Itengenezwe kiti kinapochaguliwa, iwekwe katika kile kijifuko cha SavedStateHandle, na isibadilike mpaka tiketi itoke au kiti kibadilishwe. Miguso mitatu, kifaa kugeuzwa, programu kuzimwa na mfumo kisha kufunguliwa tena: namba ni moja.

Kabla ya kumkabidhi karani programu, yapitie haya kwa mkono wako:

- Bonyeza kila kitufe, uende mbele, urudi nyuma, ukibonyeze tena.
- Geuza kifaa baada ya kuchagua kiti, na tena wakati malipo yanatumwa.
- Zima mtandao, bonyeza "Lipa" mara nyingi, washa mtandao, kisha hesabu tiketi zilizopo kwenye seva.
- Gusa sehemu tupu za kila kipande kilicho juu ya kingine.
- Yote haya yafanye kwenye simu dhaifu kuliko yako.

Saa ya Kobero

Limebaki jambo moja, na hili ni la Muyinga hasa. Programu yetu inakishikilia kiti kwa dakika 10 wakati abiria anatafuta pesa. Kwa muda huo kitufe cha kukiuza kiti hicho kwa mtu mwingine kimezimwa. Mtengenezaji ameandika muda wa mwisho kwa kusoma saa iliyo juu ya skrini: sasa ni 10:00, basi kitufe kifunguke 10:10.

Tanzania iko saa moja mbele ya Burundi. Simu iliyo karibu na mpaka inaweza kushika mnara wa upande wa pili, na kama imeruhusiwa kujirekebishia saa, 10:02 inageuka 11:02. Kiti kinaachiliwa kabla ya abiria hajafungua pochi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kiti kilichoshikiliwa saa 11:02 mpaka 11:12, kisha simu ikarudi kwenye mnara wa Burundi, kitufe chake kitakaa kimezimwa kwa zaidi ya saa nzima, na wakala atabonyeza mpaka achoke.

Kupima muda wa kitufe kusitumie saa ya ukutani ya simu. Android ina hesabu nyingine, elapsedRealtime, inayohesabu muda tangu simu ilipowashwa. Haijali mpaka, wala haijali mtu aliyebadilisha saa kwa mkono. Simu ikizimwa na kuwashwa inaanza sifuri, kwa hiyo ukomo wa kweli wa kiti ukae kwenye seva, nayo iiambie simu zimebaki sekunde ngapi. Saa ya kuondoka basi inayoandikwa kwenye tiketi ni suala jingine: hiyo ifungwe kwa jina la ukanda wake, Africa/Bujumbura, ili simu isiibadilishe. Na iandikwe kwa njia mbili, 10:00 na "saa nne asubuhi, saa za Burundi", kwa sababu abiria aliyevuka kutoka Ngara asubuhi hiyo bado ana saa tano mkononi.